Kizimba na Kujisaidia Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mtoto wa Mbwa

Haya ni maswali yanayorudi kila mtu anapoleta mtoto wa mbwa nyumbani. Yameanza na ya msingi na kuishia na yale yanayowasumbua wachache. Kama mkojo umeshamwagika sakafuni sasa hivi, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Ajali ndani ya nyumba", halafu urudi huku ukishapiga deki.

## Mambo ya msingi

Kizimba kinahusiana vipi na kukojoa?

Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba ndipo mkojo utoke, na ni mama huyo huyo anayesafisha. Akifika wiki ya 3 hivi, anaanza kujikokota kutoka pale anapolala ili ajisaidie pembeni. Tabia hiyo ya kutotaka kuchafua malazi ndiyo tunayoijenga. Mbwa akiwa mahali padogo anapopaona kuwa pa kulala, hujitahidi kujizuia. Ukimtoa kwa wakati na kumfikisha unapotaka ajisaidie, anafanya jambo sahihi nawe unapata la kumsifia.

Kizimba chenyewe hakifundishi kitu. Kazi yake ni kumweka mbwa salama pale macho yako yanapokuwa kwingine: unapika, unaoga, umelala. Kinachofundisha ni wewe kumtoa mapema kabla hajabanwa, tena na tena, mpaka mahali pa kujisaidia pamkae kichwani.

Kumfungia si ukatili?

Kizimba kikitumiwa vibaya ni ukatili, tena mkubwa. Mbwa anayeshinda humo kutwa, au anayetupwa humo kila anapokosea, amefungwa jela na wala hajui kosa lake. Lakini mbwa aliyezoeshwa taratibu huingia mwenyewe adhuhuri, akajilaza chali miguu juu, mlango ukiwa wazi.

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Mlango ukiachwa wazi, je, anaingia kwa hiari yake? Kama anaingia, hapo ni chumbani kwake. Kama anapita mbali, hajakizoea bado, na usiufunge mlango huo mpaka umpitishe katika hatua zilizo chini ya swali "Namzoeshaje kizimba?"

Lazima nitumie kizimba?

Hapana. Unaweza kutumia uzio mdogo wa ndani, chumba kidogo chenye sakafu ya kupigika deki, au kumfunga kamba ndefu na ncha yake ukaifunga kiunoni mwako ili asikupotee machoni. Kisichowezekana ni kumwachia nyumba nzima tangu siku ya kwanza huku ukitumaini atajua mwenyewe. Kwa mtoto wa mbwa, kona ya sebule iliyo mbali na anapolala ni nje tayari.

Anaweza kujizuia kwa muda gani?

Kanuni inayotumika sana ni hii: chukua umri wake kwa miezi, ongeza 1, hiyo ndiyo idadi ya saa. Wa miezi 2 ni saa 3 hivi, wa miezi 3 ni saa 4. Huo ni upeo wake akiwa ametulia, usiufanye ratiba. Akiwa macho anakimbiakimbia, yule yule wa miezi 2 anaweza kuhitaji kutoka kila nusu saa. Akilala usingizi mzito wa usiku, figo hutengeneza mkojo kidogo zaidi, naye anaweza kupitisha muda mrefu kuliko mchana. Mbwa wa aina ndogo sana wana vibofu vidogo, wapunguzie muda.

Itachukua muda gani mpaka aelewe kabisa?

Wengi huanza kuaminika wakiwa kati ya miezi 4 na 6, na wapo wanaofika mwaka mzima ndipo watulie. Mara nyingi usiku hutangulia kukaa sawa kabla ya mchana. Wiki moja bila ajali si kuhitimu, na ni katika wiki hiyo watu wengi hulegeza uangalizi halafu wanashangaa.

Nianze akiwa na umri gani?

Siku anapofika. Watoto wa mbwa wengi huenda makwao wakiwa na wiki 8 hivi, na umri huo ndio wanaoanza kupendelea aina fulani ya ardhi chini ya miguu wanapojisaidia. Aliyezoea majani atatafuta majani, na aliyezoea saruji atatafuta saruji. Niliwahi kumlea mmoja aliyezaliwa kwenye sakafu ya saruji. Ukimweka kwenye nyasi alitembea akinyanyua miguu juu juu kama amekanyaga moto, akazunguka bustani nzima bila tone, kisha akakojoa barazani tuliporudi. Kwa mbwa wa namna hiyo, anza na ile ardhi anayoijua, iwe nje, halafu umhamishe polepole kuelekea unapotaka.

## Kizimba chenyewe

Kiwe na ukubwa gani?

Kimtoshe kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amejinyoosha. Kikizidi hapo sana, atafanya upande mmoja kitanda na upande wa pili choo. Kama hutaki kununua kipya kila anapokua, chukua cha ukubwa wake wa utu uzima chenye kizuizi cha kusogezwa ndani, na umwongezee nafasi mwili unavyoongezeka.

Kikae wapi?

Mchana kikae pale watu walipo, lakini pembeni, asipitwe na kila mguu. Usiku kiwe karibu na kitanda chako (sababu ziko kwenye sehemu ya usiku). Kisikae kabisa penye jua la moja kwa moja wala mahali pasipo hewa. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hutegemea kuhema, na ndani ya sanduku lenye joto kali anaweza kufa kwa muda mfupi.

Niweke nini ndani?

Tandiko jepesi linalofulika na kitu kimoja salama cha kutafuna. Akichana tandiko na kulimeza, liondoe, na alale bila tandiko kwa muda. Akilikojolea kila mara, liondoe pia, maana kitambaa hunyonya mkojo na kumfanya asione tabu ya kulala karibu nao. Mvue mkanda wa shingoni kabla hajaingia, kwa sababu unaweza kunasa kwenye waya na kumkaba.

Namzoeshaje kizimba?

Kwa hatua ndogo ndogo, na hatua inayofuata isije mpaka hii ya sasa iwe jambo la kawaida kwake.

Kwanza fungua mlango na uufunge kwa kamba usijibamize. Mlango ukimgonga mgongoni mara moja tu, kazi yote inaweza kuanza upya. Tupa matonge madogo ya chakula karibu na mlango, kisha kwenye kizingiti, kisha ndani kidogo, kisha kule nyuma kabisa. Nyamaza. Usimsukume wala usimbembeleze. Utamwona ananyoosha shingo yote ndani huku miguu ya nyuma imebaki nje, imetanuka, tayari kwa kukimbia. Atalichota tonge kwa ncha ya ulimi na kurudi mbio. Mwache arudi. Kule kutoka bila kuzuiwa ndiko kunakompa moyo wa kuingia tena, na baada ya mizunguko kadhaa utaona miguu ya nyuma nayo imeingia.

Akishaingia bila kusita, mpe mlo wake humo, bakuli likiwa nyuma. Anapokula, rudisha mlango, kisha uufungue kabla hajamaliza. Mlo unaofuata ufungue anapomaliza, na ule wa baadaye, dakika moja tangu amalize. Ukifika hapo mpe kitu cha kutafuna, funga mlango, kaa karibu ukifanya shughuli zako. Halafu anza kutoka chumbani kwa muda mfupi na kurudi kimya kimya, bila kumshangilia. Kwa wengine haya yote ni siku mbili tatu, kwa mwoga ni wiki kadhaa. Mwenye kupanga mwendo ni mbwa.

Chagua wakati ambao amecheza, amechoka na ameshajisaidia. Kumtaka atulie huku mwili wake unataka kukimbia au kukojoa ni kumwonea.

Analia nikifunga mlango. Nifungue au nimwache?

Inategemea analilia nini, na masikio yako yatajifunza haraka. Mbwa aliyekuwa kimya halafu akaanza kulia ghafla, anazunguka na kukwaruza, huyo amebanwa. Mtoe, apelekwe akojoe, arudi, bila mchezo wowote. Mbwa anayenung'unika kwa sababu umeondoka na alitaka kucheza, subiri kimya cha sekunde chache ndipo umfungulie, ili asijifunze kwamba kelele ndiyo ufunguo.

Wa tatu ni yule anayehema, anayetiririka mate, anayeng'ata waya. Hiyo ni hofu. Mfungulie na urudi hatua mbili nyuma kwenye mazoezi. Ushauri wa "mwache alie mpaka achoke" umeenea sana nami naupinga kwa nguvu zote. Huyu ni mtoto aliyetenganishwa na mama na ndugu zake juzi tu. Akinyamaza kwa kukata tamaa hajatulia, na kesho ataingia humo akitetemeka.

Anaweza kukaa humo saa ngapi kwa siku?

Mchana usizidishe muda anaoweza kujizuia, na hata aliyekomaa asifungiwe zaidi ya saa 4 au 5 kwa mfululizo. Ukijumlisha usiku na mchana ukakuta mbwa anamalizia sehemu kubwa ya maisha yake ndani ya kizimba, tatizo liko kwenye mpango wa nyumba. Soma jibu la anayeshinda kazini, sehemu ya mwisho.

## Kujisaidia nje

Nimtoe lini?

Kila anapoamka, hata kama alisinzia kidogo tu. Kila baada ya kula au kunywa. Katikati ya mchezo na baada yake. Kabla ya kuingia kizimbani na mara tu anapotoka. Ukiweka haya manne, idadi ya safari haikusumbui tena.

Baada ya mlo usichelewe. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana nao huamshwa, ndiyo maana haja kubwa huja ndani ya dakika 5 hadi 30 kwa watoto wengi wa mbwa. Mwangalie wako kwa siku chache ujue dakika zake. Karatasi ubavuni mwa mlango yenye saa alizokula, alizokojoa na alizopata ajali ina faida kubwa kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwa ajili ya mbwa.

Nitajuaje kuwa amebanwa?

Mchezo unakatika ghafla. Pua inashuka sakafuni na kunusa pale pale, anazunguka duara dogo, anaelekea kona au nyuma ya kiti. Wengine huganda wima na kukutazama. Mkia ukiinuka kidogo na mgongo kuanza kujikunja, ni haja kubwa na una sekunde chache tu. Ukishaona anachutama umechelewa, mbebe.

Tunakaa nje muda mrefu hafanyi kitu, tukiingia tu anakojoa. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu kuliko yote, na majibu yake yako mawili.

La kwanza, nje kuna mengi. Kuna jani linaloruka, harufu ya mbwa mwingine, sauti ya pikipiki. Akili yote imeenda huko na kibofu kimesahauliwa. Akiingia ndani ambako hakuna kipya, ndipo anakumbuka. Dawa yake ni kumchosha na nje yenyewe. Mfunge kamba, mpeleke sehemu ile ile kila mara, simama pale pale kama mti, usizungumze naye, usimtembeze. Baada ya dakika kadhaa eneo hilo linakosa jipya naye anashughulikia alichojia. Kama dakika 5 hadi 10 zimepita bila kitu, rudi ndani lakini usimwachie. Mweke kizimbani au mbebe mapajani dakika 10 au 15, kisha toka tena. Rudia hivyo mpaka afanye.

La pili ni kwamba wengi humrudisha mbwa ndani sekunde ile ile anapomaliza kukojoa. Kwake maana ni moja: nikikojoa, raha ya nje inakatika. Kwa hiyo anaanza kuchelewesha. Geuza mpango, akojoe kwanza, halafu matembezi au mchezo ndio uanze.

Nimpe zawadi lini?

Pale pale anapomaliza, ndani ya sekunde moja au mbili, tonge likiwa mkononi tayari. Ukingoja mrudi jikoni, umemzawadia kwa kuingia ndani. Wala usimshangilie akiwa bado anakojoa, atakatiza na kukukimbilia, na kile kilichobaki kibofuni kitamwagikia kwenye zulia.

Kuna faida kumfundisha neno la kujisaidia?

Kubwa, hasa usiku na safarini. Chagua neno fupi ambalo huoni haya kulisema mbele za watu. Litamke kwa upole anapoanza kuchutama, siku zote lilo hilo. Baada ya wiki chache lianze kutangulia kidogo. Usilirudie rudie huku anachezea majani, litakuwa kelele tu masikioni mwake.

Ratiba ya chakula ina maana yoyote?

Kinachoingia kwa saa maalumu hutoka kwa saa maalumu. Watoto wa mbwa walio chini ya miezi 4 hivi hula mara 3 au 4 kwa siku, kisha mara 3 mpaka karibu miezi 6, baadaye mara 2. Acha bakuli kwa robo saa hivi, kisha liondoe. Bakuli la chakula linalokaa wazi kutwa huvuruga hesabu zote. Wale wa aina ndogo sana wasiruke mlo, maana sukari ya damu yao huweza kushuka kwa hatari.

Maji ni habari nyingine, mchana yawepo daima.

Vipi kuhusu magazeti au pedi za kukojolea?

Zinafaa kwa anayeishi ghorofani asiyeweza kufika chini kwa haraka, kwa mgonjwa, na kwa asiyemaliza chanjo. Ila kama lengo lako la mwisho ni nje, pedi zinaongeza somo la pili. Umemfundisha kwamba ndani kuna mahali panaporuhusiwa, kisha unageuka kumwambia hapana. Tena kwa mbwa, pedi na kizulia cha mlangoni vinafanana sana chini ya mguu. Ukizitumia, zisogeze hatua kwa hatua kuelekea mlangoni, hadi kizingitini, mpaka nje.

## Usiku

Usiku wa kwanza nifanyeje?

Weka kizimba ubavuni mwa kitanda chako. Atakusikia ukipumua, nawe utamsikia akianza kuhangaika. Akilia, teremsha mkono uguse waya akunuse vidole. Hujamdekeza kwa kufanya hivyo. Mtoto asiye na hofu hulala, na akilala hakojoi. Baada ya wiki kadhaa unaweza kukihamisha kidogo kidogo mpaka mahali pake pa kudumu.

Nimwamshe au ningoje alie?

Kwa wa wiki 8 hadi 10, weka kengele ya simu umtoe mara moja au mbili kabla hajaanza kulia. Ukimtangulia, hajifunzi kwamba kulia usiku kunafungua mlango. Akipitisha usiku kadhaa ukimkuta mkavu na mzito wa usingizi, sogeza kengele mbele kwa nusu saa. Safari za usiku ziwe baridi kabisa: mwanga hafifu, kamba, neno lake, tonge, kurudi kulala. Mkicheza dakika mbili tu, kesho ataamka saa hiyo hiyo akidai mchezo.

Nimnyime maji jioni?

Kuondoa bakuli saa 1 au 2 kabla ya kulala ni sawa kwa mtoto wa mbwa mwenye afya aliyekunywa vizuri mchana. Kumnyima tangu alasiri si sawa, na siku ya joto kali usimnyime kabisa. Akionekana ana kiu isiyokwisha, tazama swali la mbwa aliyekuwa ameshazoea.

## Ajali ndani ya nyumba

Nimemkuta anakojoa sasa hivi. Nifanye nini?

Mkatize kwa sauti nyepesi, kama kupiga kofi moja la mikono au kumwita jina, kisha mbebe mpaka nje amalizie. Akimalizia huko, msifu na umpe tonge. Usimpigie kelele ya kumtisha. Mbwa anayetishwa akikojoa mbele yako hujifunza kwamba kukojoa ukiwepo ni hatari. Ataanza kwenda nyuma ya kochi, na mbaya zaidi atagoma kukojoa ukiwa umemshika kamba nje.

Nimekuta mkojo uliokauka. Nimsugue pua ili ajue?

Usithubutu. Kosa la nusu saa iliyopita haliunganishi na adhabu ya sasa. Anachojifunza ni kwamba mikono yako wakati mwingine huumiza bila sababu. Safisha, kisha ujiulize alikuwa wapi na nani alikuwa akimtazama.

Lakini anajua amekosa! Akiniona tu anainamisha kichwa.

Anakusoma wewe. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alichapisha jaribio ambamo mbwa walikatazwa kula kitu, kisha wenye mbwa wakaambiwa kama amekula au hakula, wakati mwingine kinyume na ukweli. Ile sura ya majuto haikutegemea kama mbwa alikuwa amekula. Ilitegemea kama alikuwa anakaripiwa, na wasio na kosa waliokaripiwa waliionyesha zaidi. Kichwa kilichoinama na mkia uliofyata ni kuomba amani kwa mtu aliyekasirika.

Harufu naiondoaje?

Kama bado ni mbichi, kausha kwanza kwa kukandamiza kitambaa au karatasi, usisugue. Kisha tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, ambavyo huvunja vitu vinavyonuka ndani ya mkojo, na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukikosa, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu husaidia. Epuka dawa zenye amonia, kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo na inamwalika arudi. Dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo wala kuichanganya na amonia, hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Kama hupaoni mahali penyewe, zima taa umulike kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno. Madoa ya zamani ya mkojo hung'aa.

## Hali zisizo za kawaida

Anajisaidia ndani ya kizimba na kulalia uchafu wake.

Pima mambo kwa utaratibu huu: je, kizimba ni kikubwa mno, tandiko linanyonya mkojo, au alikaa muda mrefu kupita uwezo wake? Je, anaharisha? Minyoo na vijidudu vya tumboni ni vya kawaida kwa watoto wa mbwa, na anayeharisha hawezi kujizuia, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kama yote hayo hayapo, huenda alilelewa mahali pachafu pasipo na pa kwenda, akalazimika kulala kwenye kinyesi mpaka ile tabia ya kutochafua malazi ikafa. Kwa huyo kizimba hakitasaidia kwa sasa. Tumia uzio wenye sehemu mbili zinazoonekana wazi, ya kulala na ya kujisaidia, mtoe mara nyingi sana, msafishe kila anapochafuka ili aonje tena ukavu. Wengi hurudi, ila kwa miezi.

Anakojoa kila ninapomsalimia.

Hilo halihusiani na choo. Ni msisimko au ni unyenyekevu wa mbwa mdogo mbele ya mkubwa: hujikunja, masikio nyuma, mkojo unamtoka bila yeye kuamua. Kumkemea kunazidisha. Ingia bila kumjali kwa dakika chache, kisha chuchumaa ukiwa umempa ubavu, usimwinamie, mguse kidevuni au kifuani badala ya utosini. Msalimieni nje kila inapowezekana. Wengi huacha kabla ya mwaka.

Alikuwa ameshazoea, sasa ameanza tena.

Anzia kwa daktari. Kukojoa kidogo kidogo mara nyingi, kujikamua, damu kwenye mkojo au kujilamba sana huashiria maambukizi ya njia ya mkojo. Kiu ikizidi, pima maji. Kwa mbwa aliyekomaa, zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni nyingi mno. Jike aliyefungwa kizazi akiloanisha anapolala, huenda misuli imelegea, na ipo dawa. Dume au jike anayejikamua bila kutoa mkojo kabisa ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Akiwa mzima, angalia umri. Kuanzia miezi 6 hivi dume huanza kuinua mguu na kutia alama kwa matone machache kwenye vitu vilivyosimama. Kuhasiwa hupunguza tabia hiyo kwa wengi, si kwa wote. Mabadiliko ya nyumba nayo huvuruga, kama kuhama, mgeni au mtoto mchanga. Rudi kwenye ratiba ya wiki ya kwanza, ataipita kwa haraka safari hii.

Hajamaliza chanjo. Nimtoe nje?

Chanjo za mwanzo hutolewa kwa mfululizo wa kila wiki 2 hadi 4, kuanzia wiki ya 6 au 8 mpaka ya 16 au zaidi. Kabla ya hapo hofu kubwa ni parvo, ugonjwa hatari wa kuharisha wa watoto wa mbwa, ambao virusi vyake huweza kuishi kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Mpeleke kwenye ua wako ambao hauingiliwi na mbwa wengine, na nje ya hapo mbebe mikononi. Daktari wako anajua hali ya magonjwa ya eneo lenu, mwulize kabla ya kumshusha barabarani.

Nashinda kazini. Inawezekana?

Inawezekana kama kuna mtu wa kumtoa katikati ya siku, awe jirani, ndugu au wa kulipwa. Kama hayupo, usimfungie kizimbani. Mtengee chumba au uzio wenye kitanda, maji, na pedi upande wa pili, na ukubali kwamba mafunzo yatachelewa. Kwa anayeishi peke yake na kurudi usiku, ningemshauri kwa dhati achukue mbwa mzima aliyekwisha kujifunza.

Mvua ikinyesha anagoma.

Toka naye chini ya mwavuli, mtafutie penye kivuli cha mvua, na tonge liwe nono kuliko kawaida. Mzoeshe miguu kwenye nyasi mbichi siku zisizo na mvua.

Nimechukua wawili wa tumbo moja.

Kila mmoja awe na kizimba chake, safari zake na zawadi zake. Ukiwatoa pamoja watacheza na hutajua nani amekojoa.

Akiachwa peke yake anaharibu na kukojoa, nikiwepo hafanyi.

Huenda ni hofu ya kuachwa, hasa kama fujo inaanza dakika chache tu tangu uondoke na amejikojolea licha ya kutolewa. Kizimba hakitibu hofu hiyo, mara nyingi humfanya ajiumize meno na kucha akijaribu kutoka. Mrekodi kwa simu ukiwa nje, na umpelekee daktari wa mifugo rekodi hiyo.

Lini nimwachie nyumba nzima?

Chumba kimoja kimoja. Akipita mwezi mzima bila ajali katika chumba mnachokaa, mfungulie cha pili mkiwa pamoja, kisha kwa muda mfupi akiwa peke yake. Ajali ikitokea, funga chumba hicho wiki mbili ujaribu upya. Kizimba chenyewe usikitoe, acha mlango wazi apate pa kulala. Siku akilazwa kwa daktari au akisafirishwa ataingia humo bila woga.